Kona za Lushoto zilinifanya nilishushe gari langu

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lushoto, safari yenyewe huanza Mombo. Kabla ya hapo, Chalinze, Segera na Korogwe, ni lami ndefu, matuta, rasta na hofu ya kupigwa tochi kwenye vibao vya 50. Mombo unakata kulia, mlima unasimama mbele yako, na ndani ya kilomita 33 unapanda karibu mita 1,000. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Barabara ni nyembamba, kona inafuata kona, na kutoka juu zinashuka Fuso zilizojaa kabichi na karoti.

Barabara hiyo naijua tangu utotoni, nikiwa kwenye basi, kichwa dirishani na mfuko wa plastiki mkononi. Mama ni wa huko. Bibi bado anaishi huko, ana zaidi ya miaka 80 na hashuki tena mlima. Anayetaka kumwona lazima apande.

Desemba iliyopita nilipanda kwa mara ya kwanza nikiendesha mwenyewe, gari likiwa langu: Toyota IST, lile lile unaloliona kila foleni ya Dar. Mama alikaa mbele, mwanangu wa miaka mitano nyuma kwenye kiti chake.

Gari hilo nilikuwa nimelinyanyua. Wenye magari madogo mnajua. Ukinunua tu, kila mtu anakuambia, "Linyanyue hilo, utalimaliza." Njia ya kwenda kwangu ina mashimo na mawe, hivyo sikubishana. Mbele wakaniwekea spesa, vile vipande vinavyokaa juu ya springi ili bodi ipande. Nyuma wakaweka springi ngumu za gari kubwa zaidi. Nililipa, nikaondoka nikiwa nimekaa juu kidogo kuliko wenzangu, na kwa kweli nilijisikia vizuri.

Kwenye foleni hakuna kona, kwa hiyo sikugundua kitu kwa miezi. Kwenye lami ya Segera nilianza kuona kwamba kila basi likitupita gari linayumba, linarudi, linayumba tena. Nikasema ni upepo. Baada ya Mombo mwanangu alinyamaza, dalili ambayo kila mzazi anaifahamu. Kabla ya Soni alikuwa ameshatapika mara mbili.

Tulikaa kwa Bibi siku nne. Siku ya kushuka, kwenye kona ya kushoto chini ya Soni, Fuso tupu lilikuwa linapanda. Nilikata usukani na gari likachelewa kuitika. Lililala upande wa kulia, pua ikaendelea kwenda kulia, kule kule kwenye Fuso. Nilikanyaga breki katikati ya kona, kosa ambalo mwalimu wangu wa udereva alinionya nalo mara mia. Tairi zikalia. Dereva wa Fuso ndiye aliyetuokoa, kwa kubana kwenye mwamba hadi kioo chake cha pembeni kikagusa majani. Tulipishana. Nadhani ilichukua sekunde mbili.

Mama hakupiga kelele. Tulipofika Mombo alifungua mlango, akachukua mkoba wake na kuniambia, "Mwanangu, mimi nitamalizia na basi. Gari lako linatuyumbisha." Na kweli alipanda basi. Nilimfuata kwa nyuma hadi Dar es Salaam, saa zote hizo, nikitazama taa za basi alilopanda mama yangu kwa kuogopa gari langu.

Wiki iliyofuata nililipeleka gari kwa fundi mmoja mtaani Gerezani ambaye anashughulika na miguu ya magari tu, si injini wala umeme. Hakulipandisha kwanza. Alibonyeza kona ya boneti kwa mikono miwili, akaachia. Pua ilicheza juu na chini mara tatu.

"Dada, hii ikishuka inatakiwa irudi mara moja itulie," aliniambia. "Yako inacheza ngoma. Shokapu zimekufa."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kuambiwa nilipokuwa nanyanyua gari. Springi ndiyo inayobeba uzito, lakini springi peke yake hudunda kama mpira. Shokapu kazi yake ni kuizuia isiendelee kudunda. Mimi nilikuwa nimeweka springi ngumu zaidi juu ya shokapu zilizochoka, yaani nimeongeza mdundo na kumwachia mzee kazi ya kuuzima. Tairi inayodunda haishiki lami vizuri, na isiposhika lami, breki na usukani havina cha kushika. Juu ya hapo, bodi iliyoinuliwa hupandisha uzito wote wa gari, kwa hiyo kwenye kona hulala zaidi. Spesa nazo hubadilisha pembe ambazo mikono ya chini na tairi za mbele zilipangiwa kiwandani. Tairi zangu zilikuwa zimeliwa upande wa ndani kiasi cha kuonekana kwa macho, na mimi nilikuwa nalaumu mashimo.

Alipolipandisha, mengine yalionekana: mafuta yamevuja kwenye shokapu moja ya nyuma, bushi za mikono ya chini zimepasuka kama kisigino cha kiangazi, na zile linki za stabilaiza, vijiti vinavyoshikilia chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, zimelegea hadi zinagonga. Ule mlio wa "ko ko ko" kwenye matuta niliudhani ni jeki buti. Kisha akanionyesha kitu ambacho ningependa kila mzazi akakitazame leo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yangu moja iliandikwa 1914, wiki ya 19 ya mwaka 2014. Kashata zake zilikuwa bado nzuri, raba imekauka kama ubao.

Nilimuuliza kama nifunge springi za michezo, zile fupi wanazofunga vijana ili gari lilale chini. Nilisikia zinashika kona. Alicheka. "Zinashika, dada. Lakini kwenye matuta yenu ya Kimara utabeba kokoto."

Tulichofanya hakina mvuto wa kupigia picha. Spesa zilitoka, springi za nyuma zikarudishwa za aina yake. Shokapu nne mpya za gesi, ngumu kidogo kuliko za mwanzo, kwa sababu mara nyingi nabeba watu na mizigo. Bushi na linki mpya. Tairi mbili mpya. Mwisho alaimenti, ambayo fundi alisisitiza ifanyike baada ya kazi yote, si kabla. Upepo wa tairi ukajazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si cha kukadiria kwa kupiga teke. Bili ilizidi kodi yangu ya mwezi. Kama ungekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningekuambia anza na tairi, kisha shokapu, zikibadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto pamoja. Mapambo yasubiri.

Kuna gharama ambayo bado nailipa. Gari sasa liko chini, na njia ya kwangu haijabadilika. Siku za mvua naliacha kwa jirani kando ya lami na kutembea robo saa na mtoto mgongoni. Ninapokwaruza chini ya bodi, bado ninazikumbuka spesa zile.

Naandika habari za afya, kwa hiyo nilitamani sana kusema kwamba shokapu zimemponya mwanangu kutapika. Si kweli kabisa. Kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linapouambia ubongo kwamba mwili unainama na kuzunguka, huku macho ya mtoto aliyekaa chini, anayeona mgongo wa kiti tu, yakisema hakuna kinachotembea. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaoteseka zaidi. Na kinachochafua tumbo si mtikisiko wa haraka wa rasta, ni ule wa polepole, kulala kulia, kulala kushoto, kama meli. Kona za Lushoto zinautoa huo zenyewe. Gari linaloyumba linauongeza, na dereva anayekanyaga breki kwa hofu anauongeza zaidi ya gari. Desemba vyote vitatu vilikuwa pamoja.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, nilimwomba Mama twende tena. Alikubali kwa masharti: tuondoke alfajiri, na akisema simama, nisimame. Mwanangu nilimpandishia kiti chake ili aone barabara kwa mbele, nikamnyang'anya simu tulipofika Mombo, na alikuwa amekula mkate mkavu tu. Niliingia kila kona nikiwa nimeshapunguza mwendo, bila breki ndani yake. Gari liliinama kidogo, likasimama, likafuata usukani. Hakuna cha ajabu cha kusimulia. Tulisimama Soni kunyoosha miguu, ukungu umeshika mlima, baridi ya Juni inauma masikio. Mwanangu alisema tumbo linazunguka. Tulikaa dakika ishirini, akatazama maporomoko ya maji, tukaendelea. Hakutapika. Bibi alimpokea akamuuliza kwa nini safari hii nguo zake ni safi.

Kushuka, nilikuwa na gia ndogo ili injini ishike gari na breki zisichemke. Kiroba cha viazi na karoti za Bibi kilikuwa nyuma. Chini ya Soni, kwenye kona ile ile ya kushoto, nilikaza mikono bila kutaka. Lori lilikuwa linapanda, limejaa safari hii. Tulipishana, kila mmoja upande wake, na dereva akanyanyua kidole kimoja kunisalimia.

Niligeuka nimwambie Mama. Alikuwa amelala, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuja kuamka kwenye tuta la kwanza la Mombo, akatazama nje, maduka, bodaboda, joto.

"Ndiyo tumeshashuka?"