Mbona Nne, Si Sufuri

Miaka yangu ya mwanzo ya uafisa wa probesheni mjini Malindi niliimaliza kwa mahubiri. Kijana akija kuripoti nilimmwagia mawaidha: unga utakuua, mamako analia, hakimu amekuhurumia. "Ndiyo, mama, nimesikia." Alitia sahihi daftarini akaondoka, kete ya heroini imo kwenye pindo la kikoi.

Sheria ya probesheni ya Kenya, Sura ya 64, humweka mtu chini ya uangalizi wetu kwa miezi 6 hadi miaka 3. Katika muda huo tuzungumze nini, ni juu ya afisa.

Kisha nikafundishwa mbinu ambayo Mmarekani William Miller aliandika kuihusu mwaka 1983, baadaye akaiendeleza na Stephen Rollnick: usimbishie mraibu, maana ukimbishia atautetea uraibu wake. Muulize, umsikilize, mpaka sababu ya kuacha itoke kinywani mwake. Nikadhani ni ulegevu tu uliovishwa suti.

Akaja mvuvi mmoja, ameiba mashine ya boti ya mjombake. Nikamuuliza, kuanzia sufuri hadi kumi, kuacha unga kwake kuna uzito gani.

"Nne."

Zamani ningemkemea kwa uchache huo. "Mbona nne, si sufuri?"

Alinyamaza sana. "Nikishikwa na arosto, binti yangu akinijia humsukuma. Siku hizi haji tena."

Ulimi uliniwasha, nikauzuia. Ni yeye aliyeuliza: "Ile methadoni ya hospitali, mtu huandikishwaje?"

Dawa hiyo ya kutibu uraibu wa heroini ilianza kutolewa Malindi mwaka 2015. Wakati huo ilinywewa kila siku mbele ya mhudumu, hata siku ya Idi. Kwa mvuvi hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika, kwani kujaa na kupwa kwa maji hakungojei kliniki ifunguliwe. Tulizungumza habari za maji zaidi kuliko za unga, hadi nahodha mmoja akakubali kumchukua kwa safari za alasiri peke yake.

Alianguka mara mbili, akarudia unga. Ningeweza kumrudisha mahakamani. Niliandika kwenye faili kwamba ameanguka, na kwamba alikuja mwenyewe kuniambia.

Amri ya uangalizi ilipoisha nilimuuliza tena swali lile. Akasema saba, akaniwekea mezani samaki changu wawili waliofungwa kwa gazeti. Kanuni za kazi zilinikataza kupokea. Jioni ile niliwapika kwa nazi.