Umekwama Wapi?

Likizo iliyopita nilirudi Ikungi nikiwa na sapu ya fizikia. Nyumbani sikumwambia mtu.

Mdogo wangu alikuwa ameona kwenye simu mtambo kama ile aliyochora Mmarekani Rube Goldberg kwenye katuni zake: kitu kinagonga kingine, mpaka kazi ndogo inaisha. "Kaka, si unasoma fizikia? Tutengeneze."

Tukapanga sebuleni. Gololi ishuke kwenye ubao, iangushe viberiti vilivyosimamishwa mstari, cha mwisho kisukume betri ya redio kutoka mezani. Betri ivute uzi, uzi uchomoe kijiti, kopo limwage maji kikombeni.

Mara 10 ikagoma. Nilitaka kubomoa yote.

"Kaka, imekwama kwenye uzi tu. Kwingine iko poa."

Kweli. Uzi ulikuwa mrefu mno. Betri haihitaji nguvu ya kuinua kopo. Ikichomoa kijiti, uzito wa maji unamaliza kazi.

Jaribio la 11, kikombe kikajaa. Mama akacheka, akanywa.

Ndipo nikamwambia kuhusu sapu. Hakufoka. Akauliza tu, "Umekwama wapi?"