Safari ya Unguja: pahali wanapofundisha kusaidia walevi

Barabara ya kutoka Lubumbashi mpaka bahari wengi wenu munaijua kwa sababu ya malori ya shaba. Kasumbalesa, Chingola, Kapiri Mposhi, Nakonde, kisha unavuka Tunduma na kushuka kwa Mbeya mpaka Dar es Salaam. Mimi niliifuata mwaka 2018, lakini si kwa biashara. Nilitaka kuona namna gani mutu anafundishwa kazi ya kusaidia wale waliofungwa na pombe na dawa za kulevya. Kwetu katika miji ya migodi walevi wa lutuku tuko nao, wavuta bangi tuko nao. Mutu aliyesomea kuwasaidia, utamutafuta mpaka utachoka.

Dar es Salaam sikukaa sana. Kule shida kubwa ni heroini, wao wanaita «unga», ambao unafika kwa bahari katika majahazi. Tangu mwezi wa pili 2011 hospitali ya Muhimbili inatoa dawa ya metadoni. Mugonjwa anakuja kila siku, anakunywa kikombe chake mbele ya munganga, anarudi kwenda kutafuta kazi. Ni kazi ya waganga, na ni kazi nzuri. Lakini mimi nilitaka kuona washauri.

Basi nikapanda mashua ya haraka, karibu saa mbili juu ya maji, na tumbo langu la mutu wa Katanga halikufurahi. Unguja iko na nyumba wanazoita «soba hausi». Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009, na walioisimamisha ni watu waliotoka wao wenyewe katika unga. Usifikiri ni jengo la ajabu. Ni nyumba ya kawaida katika kartie, vitanda vimesongana, sufuria kubwa jikoni. Vijana wanaamuka mapema, wanafagia, wanapika, wanasali (karibu wote kule ni Waislamu), kisha wanakaa kwa duara na kila mumoja anasema ginsi alivyo siku ile. Hakuna anayemukatiza mwenzake. Mimi nilihesabu: kijana mumoja alinyamaza muda murefu sana mbele ya kusema neno, na wote walimungojea. Kwetu, shemasi angekuwa amekwisha kuanzisha wimbo.

Mushauri wao ni nani? Mara nyingi ni mutu aliyepita njia ile ile. Jambo hili si jipya. Mbele ya vita ya 1914, kanisa moja la Boston, Marekani, linaloitwa Emmanuel, lilimupa kazi Courtenay Baylor, aliyekuwa mulevi na akaponyeshwa pale pale, asaidie walevi wengine. Mwaka 1954 jimbo la Minnesota likaandika kazi hii katika orodha ya kazi za serikali: mushauri wa walevi, na mulevi aliyeacha aliweza kuipata hata kama hakusoma sana.

Lakini kutoka katika shimo hakutoshi. Mutu anaweza kutoka na asijue alitoka namna gani. Kwa hiyo lazima asome. Leo kuna masomo yaliyotengenezwa na shirika la Mpango wa Colombo, kule Sri Lanka, yanayofundishwa katika inchi nyingi za Afrika. Masomo ya musingi ni manane. Wanafundishwa dawa inafanya nini katika ubongo, kupima shida ya mutu na kuiandika, kutunza siri, kufanya nini siku mutu anataka kujiua. Na kusikiliza! Kuuliza swali ambalo jibu lake si «ndiyo» wala «hapana», kisha kurudisha maneno ya mutu ili ajisikie mwenyewe. Sisi wachungaji tulifundishwa kutayarisha hubiri lenye vichwa vitatu. Kazi hii inadai masikio mbele ya kinywa.

Kuna pia maswali mane mafupi ambayo hata mama wa nyumba anaweza kuyashika. Umekwisha kuona kama inafaa upunguze kunywa? Watu wanakuuzi wakikulaumu juu ya pombe? Unajisikia vibaya juu ya kunywa kwako? Unakunywa asubuhi ili mikono itulie? Mutu akijibu ndiyo mara mbili, hapo tuzungumuze naye vizuri.

Sasa jambo lililonishika zaidi, ambalo kwetu halijulikani. Mutu wa unga akikatazwa gafula, anateseka sana: anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma. Wao wanaita «arosto». Mara chache itamuua. Hatari yake inakuja nyuma, akirudia kipimo cha zamani wakati mwili umekwisha kukisahau. Pombe ni kinyume. Mutu aliyekunywa lutuku kila siku kwa miaka, ukimunyima yote siku moja, anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, na siku ya pili au ya tatu kuona vitu visivyokuwako, na kufa. Ndugu zangu, fikirini wale walevi wanaofungiwa katika chumba cha maombi siku tatu, bila chakula, mulango na kufuli. Tukisikia anapiga kelele usiku, tunasema ni pepo anakataa kutoka. Pengine ni mwili unaokufa.

Maombi hayakatazwi na mutu. Lakini mama aliye na mutoto anayekunywa asubuhi, na mutoto anasema «Mama, naacha leo», amupeleke kwanza hospitali. Amwambie munganga bila kuficha anakunywa kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho alikunywa saa ngapi. Munganga iko na dawa za kutuliza ambazo anapunguza pole pole, na vitamini B1 kwa ajili ya ubongo. Muchungaji anaweza kukaa pale kando ya kitanda na kuomba. Kufuli iachwe nyumbani.