Wiki moja ng'ambo ya feri, kabla ya upasuaji

Mtu wa bara akitajiwa likizo ya Mombasa, kinachomjia akilini ni hoteli kubwa za ufuoni, na papo hapo zikamjia bei zake. Mgonjwa wa saratani ndiye wa mwisho kufikiriwa. Jamaa wamechanga, wameuza mbuzi na pengine kipande cha shamba, na kila shilingi ina kazi yake hospitalini. Basi mgonjwa huyo akitamka neno likizo, huonekana kama aliyechanganyikiwa kwa wingi wa dawa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu shangazi yangu alipomaliza duru ya mwisho ya kemo, akisubiri upasuaji wa titi. Daktari alitaka mwili upewe majuma machache upate nguvu kabla ya kisu. Shangazi naye akasema hatayamaliza majuma hayo akitazama ukuta wa nyumba ya Nairobi. Alitaka kwenda kwa rafiki yake waliyesoma pamoja, aliyeolewa Likoni. Katika kikao cha familia, kaka yake mkubwa alikohoa kidogo, kisha akasema pesa za mchango si za kupunga upepo. Hakuna aliyembishia. Wanawake wa chama cha shangazi ndio waliotoa nauli, nje kabisa ya daftari la mchango, nami nikaombwa nimsindikize. Naona walifanya vyema kutochanganya hesabu hizo mbili, maana mchango wa tiba una wenyewe, na wenyewe huuliza.

Tarehe ya safari ya namna hii haichaguliwi kwa kufuata likizo ya shule. Duru nyingi za kemo hufuatana kila baada ya siku 21, na aghalabu kati ya siku ya saba na ya 14 chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa zimepungua sana. Mafua ambayo wewe na mimi tungeyatibu kwa chai ya tangawizi yaweza kumlaza mgonjwa huyo hospitalini. Katika juma la tatu chembe hizo huanza kupanda tena. Kwa hiyo shangazi alipimwa damu kwanza, ndipo tiketi ikakatwa. Daktari akamwandikia barua yenye majina ya dawa zote alizopewa, na barua hiyo, vidonge vyake na kipimajoto vikakaa katika mkoba wa mkononi, si katika begi kubwa.

Tulipanda treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Faida yake kwa mgonjwa si mwendo tu. Ndani ya treni mtu anaweza kuinuka na kutembea, na hilo ni jambo kubwa, kwani saratani na baadhi ya tiba zake huongeza hatari ya damu kuganda miguuni mtu akikaa kitako kwa saa nyingi. Kila baada ya saa moja hivi tulitoka kiti hadi mwisho wa behewa na kurudi. Watoto wa behewa letu walidhani ni mchezo, wakatufuata nyuma.

Kituo cha Miritini kiko upande wa bara wa magharibi, jirani na Changamwe. Huko si kwa kupumzikia. Ni malori ya makontena, vumbi, na honi za madereva wanaokimbilia bandarini. Lakini kutoka hapo sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, inayopita juu ya maji na mikoko hadi kwenye barabara ya Likoni kwenda Lungalunga, bila kukanyaga kisiwa wala kupanda feri. Shangazi alifurahi, kwa kuwa aliogopa feri kuliko kemo. Watu wa rika lake hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakapoteza maisha.

Tulipofika Likoni, mwenyeji wetu alimkumbatia shangazi kwa muda mrefu, kisha akakitazama kichwa chake. Tangu nywele zilipoanguka, shangazi alikuwa akivaa wigi, na katika joto lile jasho lilimchirizika hadi shingoni.

"Shoga yangu, vua hiyo kitu," mwenyeji alisema, akamletea mtandio.

Jambo hilo dogo ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ya safari ile. Nairobi, mwanamke aliyejifunga kitambaa na asiye na nyusi hutazamwa mara mbili, kisha hutazamwa kwa huruma. Likoni wanawake wengi wamejitanda, kuanzia msichana wa shule hadi ajuza. Shangazi alikwenda dukani, akanunua ndimu, akarudi, na hakuna aliyegeuka. Jioni akaenda tena, ingawa ndimu zilikuwa zingalipo.

Ndimu zenyewe zilikuwa na kazi. Kemo ilimwachia ladha ya chuma kinywani, na chakula kikamshinda. Kwa mwenyeji wetu alianza kwa madafu, akaendelea na mahamri kwa mbaazi za nazi, na siku ya tatu akamaliza samaki wa kupaka hadi mifupa. Tulichokwepa ni vyakula vibichi vya barabarani: maembe yaliyokwisha katwa, sharubati zenye barafu isiyojulikana maji yake, na kachumbari ya vibandani. Viazi karai vinavyotoka mafutani vikifuka moshi havikuwa na neno.

Kulikuwa na suala la mwarobaini. Pwani mti huu uko karibu kila ua, na si ajabu jirani mmoja, bibi wa makamo mwenye moyo safi, alileta chupa nzima ya majani yaliyochemshwa. Mitishamba mingine hugongana na dawa za hospitali au huongeza kutokwa damu wakati wa upasuaji, na mgonjwa hawezi kujua ni ipi. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mama, nitamuuliza daktari," na chupa ikakaa rafuni. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Asubuhi kabla ya jua kupanda, na tena baada ya alasiri, tulishuka Shelly Beach. Baadhi ya dawa za kemo huifanya ngozi iungue upesi, hivyo saa za mchana zilikuwa za kulala chini ya feni. Shangazi aliingia maji hadi magotini tu. Mwenye kidonda kibichi au mrija wa dawa mwilini asiingie baharini hata kidogo, na aliye katika tiba ya mionzi amuulize daktari wake kwanza. Usiku tulilala ndani ya chandarua. Malaria ingalipo Pwani, na kwa mgonjwa kama huyu joto la mwili likifika nyuzi 38 hakuna kubahatisha kama ni mbu au ni kemo: ni hospitali saa hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mwenye wasiwasi afadhali afikie Kisauni. Kutoka huko ni kuvuka daraja la Nyali tu kufika Hospitali Kuu ya Pwani, yenye kitengo cha saratani, ilhali kutoka Likoni kuna feri katikati.

Siku ya tano shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka feri. Tulivuka saa nne asubuhi, msongamano wa wafanyakazi ukiwa umepungua, bila kulipa, kwani waendao kwa miguu hawalipi. Tukachukua tuktuk hadi Bamburi, upande wa Kisauni, kwenye Bustani ya Haller. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ikakubali. Majani yake yalipokataa kuoza, akaleta majongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Leo njia zake ni tambarare na zina kivuli, na mgonjwa hupumzika anapotaka. Shangazi alitembea karibu saa nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mitano. Wengine walilisha twiga kwa mikono. Yeye alitazama kwa mbali, na alipotoka alinawa kwa sabuni.

Upasuaji ulifanywa siku ile ile iliyopangwa. Siku ya kulazwa alikuwa amejifunga kichwani leso aliyoinunua Likoni. Muuguzi akamuuliza kama ni Mpwani, naye akajibu bila kusita kwamba kwao ni ng'ambo ya feri.