Kitabu Kizimbani

Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyofuata mfano wa ile ya India ya 1872, inaruhusu maoni ya mtaalamu yaliyomo katika kitabu kinachouzwa hadharani yapokelewe mahakamani, iwapo mwandishi amekwisha kufa, hapatikani, au kumwita kungeleta gharama na ucheleweshaji usiostahili. Kwetu Mwanza naona ni busara. Mvuvi wa Igombe aliyeumizwa mgongo na lori atamtoa wapi bingwa wa London?

Lakini kitabu hakiulizwi maswali, wala hakijapata kumwona mgonjwa. Kikisema maumivu ya namna hii huisha baada ya miezi michache, na huyu mwaka umepita hawezi kuvuta nyavu, nani aaminiwe? Mimi ningetaka daktari wa Bugando, aliyempima kwa mikono yake, akifungue kitabu hicho mbele ya hakimu na kueleza wapi kinamhusu mtu huyu na wapi hakimhusu. Tena aeleze kwa Kiswahili, ambacho tangu 2021 ndicho lugha ya mahakama. Vitabu vyenyewe karibu vyote ni vya Kiingereza, na mvuvi hukaa akitazama habari za mgongo wake zikifunuliwa ukurasa kwa ukurasa, asielewe hata neno.