REFA HAKUHONGWA, ILA WATU WALIUMIA

Kila msimu wa NFL ukikaribia ukingoni, kule Marekani wimbo ni mmoja tu: "Hii imepangwa." Timu ikifungwa, refa kanunuliwa. Timu ikishinda mfululizo, basi hao ni watoto wa ligi, wanabebwa. Wengine wanaenda mbali zaidi, eti kuna jamaa kakaa ofisini anaandika matokeo kama tamthilia, wachezaji wanakuja kuigiza tu.

Sasa hapa kuna maswali mawili na watu wanayachanganya kila siku. La kwanza, je mechi zinauzwa? La pili, je refa anaweza kuipa timu ushindi isiostahili hata kama hajapokea senti ya mtu? Ukiyatenganisha haya mawili utashangaa, majibu yake hayafanani kabisa.

Kwa ambaye hafuatilii mpira huu wa kubeba mkononi, mambo yako hivi. Timu inapewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10. Ikiweza inapewa mengine 4, hivyo hivyo mpaka ifike mwisho wa uwanja. Kuna marefa 7 mle ndani. Mmoja akiona kosa anarusha chini kitambaa cha njano, na timu iliyokosea inarudishwa nyuma au wapinzani wanasogezwa mbele. Yaani kitambaa kimoja kinaweza kuleta yadi ambazo wanaume 11 wamezihangaikia kwa jasho. Na kisiporushwa, nacho kimeshaamua.

Waulize watu wa New Orleans.

Tarehe 20 Januari 2019, Saints walikuwa nyumbani kwao wakicheza na Rams ya Los Angeles. Mshindi anaenda Super Bowl. Ubao unasoma 20-20, zimebaki kama dakika mbili kasoro. Mrushaji wa Saints anatupa mpira pembeni, mpokeaji wake anaufuata. Beki wa Rams hata hautazami mpira, anakuja mbio na kumgonga jamaa kabla mpira haujafika. Uwanja mzima umeona. Waliokuwa mbele ya TV wameona. Marefa waliokuwa hatua chache tu kutoka pale? Kitambaa hakikutoka mfukoni.

Kingerushwa, Saints wangepewa majaribio mapya karibu kabisa na mstari, wangeula muda karibu wote, halafu wangepiga mpira kati ya nguzo na kwenda zao. Badala yake walipiga mapema, ikawa 23-20, na Rams wakabaki na muda wa kusawazisha. Muda wa nyongeza Rams wakapiga mpira wa yadi 57 ukapita katikati ya nguzo. 26-23. Kwisha habari.

Kilichofuata ndo kinauma zaidi. Kocha wa Saints alisema alizungumza na ligi kwa simu na ikakiri kwamba lilikuwa kosa. Beki mwenyewe baada ya mechi hakuficha, alikubali kwamba alimwahi mwenzake. Ligi ikampiga faini ya dola 26,739 kwa kumgonga mwenzake kichwani kwenye tukio lile lile. Bosi wa ligi naye, siku chache kabla ya Super Bowl, akasema hadharani kwamba kosa lile lilitakiwa kupigiwa kitambaa. Kwa hiyo mkosaji kakiri, ligi imekiri, faini imelipwa. Matokeo je? Yale yale.

Mrushaji wa Saints alikuwa ametimiza miaka 40 siku tano tu kabla ya mechi ile. Kwa umri huo nafasi ya kwenda fainali huwa hairudi mara nyingi, na kwake haikurudi. Mwaka 2021 alistaafu bila kuigusa tena Super Bowl. Mtu kama huyo ukimwambia "ni makosa ya kibinadamu" hujamdanganya, ila hujamsaidia chochote.

Mji nao haukukaa kimya. Siku ya Super Bowl watu wa New Orleans waligoma kuangalia, wakaingia mitaani kufanya sherehe yao wenyewe. Gazeti la pale likatoa ukurasa wa mbele ukiwa karibu mtupu, kama vile mechi haikuwepo. Mashabiki wengine wakaenda mahakamani, lakini Mahakama Kuu ya jimbo la Louisiana ikaifuta kesi Septemba 2019. Ukweli mchungu ndo huo: ukikata tiketi umenunua kiti, hujanunua haki.

Halafu ligi ikajaribu kutibu kidonda. Machi 2019 wenye timu walipiga kura 31 kwa 1 kwamba kosa la aina ile sasa linaweza kurudiwa kwenye video. Watu wakashangilia. Kumbe bado. Januari 2020, Saints hao hao, uwanja huo huo, wanacheza na Vikings. Muda wa nyongeza, mpokeaji wa Vikings ananyoosha mkono, anamsukuma beki kidogo, anadaka, mechi imeisha 26-20. Wakubwa wakaangalia video kutoka New York, wakasema twende nayo. Msimu ulipoisha ile sheria ikafutwa, haikumaliza hata miaka miwili. Mashabiki wa mpira wa miguu wanaolalamikia VAR kila wikiendi wanalijua hili vizuri: kamera inaleta picha, ila anayeamua bado ni mtu.

Sasa turudi kwa wale wa "imepangwa". Kisasa wanaosemwa sana ni Chiefs ya Kansas City. Februari 2023 waliifunga Eagles 38-35 kwenye Super Bowl baada ya refa kurusha kitambaa zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, beki wa Eagles kamvuta mtu jezi. Mitandao ikawaka moto. Ila beki mwenyewe alipoulizwa akajibu kiume kwamba kweli alivuta, alitegemea tu refa ataachia. Januari 2025 tena, Chiefs na Bills. Mrushaji wa Bills anajichomeka katikati ya msitu wa watu akitafuta sehemu ndogo tu ya yadi, marefa wanasema hajafika, Chiefs wanashinda 32-29. Makelele yakawa makubwa mpaka bosi wa ligi akalazimika kujibu kwamba hizo tuhuma ni za kuchekesha. Wiki ile ile Chiefs wakaingia Super Bowl na wakapigwa na Eagles 40-22. Kama kuna mtu aliandika ile tamthilia, basi ni mwandishi mbovu sana.

Hii haina maana kwamba refa hawezi kuoza. Kwenye kikapu cha NBA refa mmoja alikamatwa akibeti na kutoa siri za mechi, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Kwa hiyo anayeuliza maswali siyo mwehu. Lakini kuuliza ni kitu kimoja, kushika ushahidi ni kingine, na kwa hao wa NFL wanaorushiwa mawe kila wiki ushahidi wa namna hiyo haujaletwa mezani.

Kilichopo mezani ni kitu cha kawaida zaidi. Wengi wa marefa hawa wana kazi zao nyingine katikati ya wiki, uwanjani wanaenda siku ya mechi. Wanatakiwa kuona watu 22 wakigongana kwa sekunde chache. Anayeamua mpira uwekwe wapi ni macho ya mtu anayekimbia kutoka pembeni. Kuanzia 2025 ligi imeleta kamera za kupima kama yadi 10 zimefika, ila mpira unawekwa kwanza na refa kwa macho, ndo kamera inapima. Ukiukosea mwanzo, umepima kosa kwa usahihi mkubwa.

Na presha ya mashabiki je? Msimu wa 2020, viwanja vikiwa vitupu au na watu wachache kwa sababu ya korona, timu za nyumbani zilishinda mechi 127, zikafungwa 128, na sare 1. Faida ya nyumbani ilipotea kabisa. Siyo lazima iwe ni refa pekee, kelele zinawachanganya wachezaji wageni pia. Ila binadamu aliyezungukwa na watu 70,000 wanaopiga kelele sikioni, kusema haathiriki ni kujidanganya.

Kuna mwaka ambao ulionyesha wazi mzigo huu ni wa nani. 2012 ligi ilivutana na marefa wake kuhusu mishahara na pensheni, ikawafungia nje na kuokota wa muda. Tarehe 24 Septemba, Seattle na Green Bay, mpira wa mwisho unarushwa, watu wawili wa timu tofauti wanaudaka pamoja. Marefa wawili wamesimama pale pale, mmoja ananyoosha mikono juu kuashiria pointi, mwingine anapunga mikono kivingine. Seattle wakapewa ushindi 14-12, na kesho yake ligi ikakiri kwamba mdakaji alishamsukuma mtu kabla. Siku mbili baadaye makubaliano yakapatikana na marefa wa kweli wakarudishwa. Ushindi mmoja tu ungeiwezesha Green Bay kupumzika raundi ya kwanza ya mtoano mwaka ule. Hapo hakuna refa aliyehongwa. Kuna matajiri waliobana pesa, na timu ndo ikalipa.

Na tuwe wa kweli pia kwa upande wa pili. Saints waliongoza 13-0 siku ile, wakaachia. Muda wa nyongeza wao ndo walioanza na mpira, pasi yao ikanaswa. Refa aliwaongezea mlima, ila walikuwa bado na miguu ya kupanda. Mara nyingi inakuwa hivyo: kosa la refa linaiua timu ambayo yenyewe ilishajisogeza mpaka ukingoni.

Hatari ya kupiga kelele za "imeuzwa" kila siku ni kwamba inawapa wakubwa njia rahisi ya kutokea. Wanacheka, wanasema hao wana nadharia zao, mjadala umefungwa. Wakati maswali ya maana yapo pale pale hayajajibiwa. Ligi yenye pesa nyingi kiasi hiki, ambayo tangu 2021 makampuni ya kubeti ni washirika wake rasmi, kwanini kazi nyeti kuliko zote inaachiwa mtu mwenye ajira nyingine? Mkeka wa shabiki ukichanika kwa kosa ambalo ligi yenyewe imelikiri, nani anamrudishia chake? Mchezaji aliyebakiza nafasi moja maishani je?

Mpaka leo jibu wanalopewa ni samahani tu, na samahani haijawahi kuongeza pointi ubaoni. Wewe ungekuwa shabiki wa Saints usiku ule, ungeipokea?