Pweza wa Baba Mdogo

Safari hii tunaandika kuhusu pweza, na tunajua baadhi yenu mtacheka. Sisi wa Bujumbura ziwa letu lina mikeke na ndagala. Pweza tunakutana naye kwenye supu tukienda Dar es Salaam.

Mdogo wetu anaishi Kigamboni. Sebuleni kwake ana tangi la kioo la lita 300, na ndani yake aliweka pweza jike aliyemnunua akiwa hai kwa wavuvi wakati wa maji kupwa. Mwanetu wa miaka kumi alimwona kwenye simu akifungua kopo lenye kaa ndani yake, akizungusha kifuniko kwa minyiri. Tangu siku ile nyumba haikukalika. Hoja yake ilikuwa kwamba tangi tunalo, la samaki wa ziwani, na pesa za Idi hajazitumia.

Hatukumkatalia papo hapo. Tulichukua daftari, tukapiga naye hesabu. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita moja, kwa hiyo lita 300 zinataka zaidi ya kilo kumi, tena si chumvi ya jikoni bali ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kila ukibadilisha maji, unaanza kupima tena. Baba mdogo wake anateka baharini kwa madumu. Sisi bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja. Kisha tangi huachwa lizunguke wiki nyingi bila pweza, mpaka waote bakteria wanaovunja amonia inayotokana na uchafu, maana pweza hula sana na huchafua sana. Umeme ukikatika pampu inasimama na hewa inapungua majini. Hapo mama watoto alicheka peke yake.

Na maji yasiwe na shaba hata kidogo. Jambo hili tuliwasimulia hata wanafunzi madrasa, wakashangaa: damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu shaba iliyomo ndiyo inayobeba oksijeni, lakini shaba hiyo hiyo ikiyeyuka kwenye maji yake humwua. Ana mioyo mitatu. Mfupa hana hata mmoja. Kitu kigumu mwilini ni mdomo wake ulio kama wa kasuku, na panapopita mdomo huo, mwili wote unapita. Mwaka 2016 huko New Zealand, pweza aliyeitwa Inky alipenya kwenye upenyo juu ya tangi, akatambaa sakafuni mpaka kwenye bomba la maji machafu, akarudi baharini. Kwa hiyo Kigamboni kifuniko kimewekewa komeo. Kwa maoni yetu, mnyama anayehitaji komeo ameshakuambia anachotaka.

Tulikuwa bado kwenye hesabu hizo aliposimamisha mambo yote mwenyewe. Aliingia pangoni mwake, akaziba mlango kwa mawe, akatundika mayai darini, nyuzi kwa nyuzi. Mwanetu alifurahi, akaanza kuchagua majina ya watoto. Baada ya siku kadhaa akauliza, "Baba, mbona hali kaa wake?"

Ilibidi tumwambie. Pweza jike akishataga hukaa na mayai yake, huyapulizia maji safi na kuyapangusa, wala hali tena. Yakianguliwa, naye hufa. Dume pia hadumu baada ya kupandana. Aina hii ya pwani ya Afrika Mashariki huishi mwaka mmoja na kidogo tu, uwe umemtunza vizuri au vibaya. Na vitoto vyake huelea majini vikiwa vidogo mno. Kuvilisha nyumbani ni kazi iliyowashinda hata wazoefu.

Alilia. Hatukumwambia anyamaze, kwani tunakumbuka Abu Umayr, mtoto mdogo aliyefiwa na kindege chake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomsemesha kwa upole badala ya kumdharau. Baadhi ya wazee hapa mtaani waliona tunamdekeza kwa ajili ya kitoweo. Sisi hatuoni hivyo.

Usiku mayai yalipoanguliwa, mdogo wetu alichota vitoto kwa ndoo, akavimimina baharini kwenye maji yanayotoka. Mama yao aliishi siku chache tu. Mwanetu aliyaona yote kwenye simu, akauliza kama vitamkumbuka, akajibiwa hapana.

Baba mdogo amejitolea kumtafutia mwingine. Tumemshukuru, tumekataa, na mtoto hakubisha. Pesa za Idi amenunulia mchanga, na siku hizi kila Ijumaa jioni tunakwenda ufukweni kuokota magamba matupu ya konokono, kwa ajili ya wale samaki wadogo wa Tanganyika wanaozaa ndani ya magamba. Mpaka sasa ameshapata 23, na jike mmoja ameanza kufukia la kwake kwenye mchanga.